Damu na Dawa ya Nondo

Mimi nililelewa kwa maziwa ya kopo. Nalisema mapema kwa sababu kila nitakachoeleza kinarudi hapo, na kwa sababu utotoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nilitaniwa kwa jambo hilo mpaka nikalizoea. Mama yangu alikuwa mzima, alikuwa na maziwa tele, na kutwa alikuwa nyumbani. Hakuninyonyesha kwa kuwa aliamini maziwa yake yameshaua.

Kabla yangu alizaa mvulana. Picha yake haipo na jina lake halitajwi kwetu. Ninavyojua mimi ni kwamba alizaliwa mnene, akapokewa kwa vigelegele, na baada ya siku chache akageuka manjano, macho mpaka nyayo, akawa analala tu, haamki hata kunyonya, akafa kabla ya arobaini. Mavyaa wa mama, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mtu wa kutaka sababu. Alimkamua mama maziwa katika kikombe cha chai, akamtia sisimizi ndani. Sisimizi akafa. Nyanya akasema maziwa ni machungu, na kesi ikaishia hapo.

Nilipoanza kusoma biolojia sekondari nililirudia jaribio lile kwa maziwa ya paketi niliyoyanunua duka la Makadara. Nilitia sisimizi watano wakafa wote watano. Nikampelekea mama kikombe nikamweleza kwamba sisimizi akitiwa katika maziwa yoyote hufa, yawe ya ng'ombe au ya nani, kwa kuwa sisimizi hajui kuogelea. Na kwamba nyanya alifanya jaribio lisilo na kilinganishi. Neno kilinganishi nilikuwa nimelipata wiki ile na nilikuwa na hamu ya kulitumia. Mama alikimwaga kile kikombe, akakisuuza, akarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi. "Chakula hakifanyiwi mchezo," akasema. Nilikasirika sana. Ilinichukua nusu ya umri wangu kuelewa kwamba ukimwondolea mtu sababu aliyoishikilia, na wewe huna nyingine ya kumpa, hujamsaidia kitu.

Leo mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana upande wa Tononoka, na kustaafu hakuko mbali. Urithi wa sifa nimeufundisha mpaka nauota. Kwa jeni zinazokwenda na kromosomu ya X, zile ambazo mama huzibeba na mwana wa kiume akaugua, mfano wangu ulikuwa ule wa kitabuni: wana wa wafalme wa Ulaya ambao damu yao haikuganda. Wasichana waliuandika, wakauchora mti wa ukoo wa kifalme kwa rula, wakapita mtihani. Hakuna aliyeniuliza wafalme hao wanatuhusu nini sisi, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Binti yangu mkubwa alipobeba mimba yake ya kwanza alikuja kujifungulia kwetu. Mumewe anafanya kazi bandarini, zamu kwa zamu, na desturi ndiyo hiyo: mtoto wa kwanza huzaliwa kwa kina mama, na mzazi hukaa ndani siku zake arobaini akilishwa uji wa pilipilimanga na kukandwa maji ya moto. Nyumba ni ya mama yangu. Alijifungua hospitali vizuri, akarudi kesho yake na mtoto wa kiume. Tangu yule mvulana wa mama, hapakuzaliwa mwanamume katika uzao wake. Mimi niko peke yangu, na mimi nina wasichana wawili. Mama aliposikia ni mwanamume alikaa kitako kwanza, akashukuru Mungu kwa sauti ndogo. Kisha akaenda kufungua sanduku.

Sanduku lenyewe ni la msaji, la misumari ya shaba, aliloingia nalo arusini. Ndani zimo leso zake za ubiarusi, nyingi zikiwa kisutu, ile leso ya rangi tatu ya bibi arusi, zilizonunuliwa Biashara Street wakati mwenye duka akiujua uzao mzima wa kila mnunuzi. Zilivaliwa na kufuliwa mpaka zikalainika, ndipo zikawekwa. Kwetu mtoto wa kwanza haviringwi nguo mpya, kwa kuwa nguo mpya ni kavu na inakwaruza. Huviringwa leso za sandukuni, kisha zikarudishwa kumngoja wa kizazi kingine. Na kila baina ya leso na leso mama ametia dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vya mviringo ambavyo harufu yake huwasha pua. Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani huongeza vingine. Harufu hiyo nimekua nayo. Kwangu mimi ilikuwa harufu ya Idi, ya arusi, ya wageni wa heshima. Nguo inayonuka hivyo ni nguo iliyotunzwa.

Mtu wa kwingine angezifua kwanza na kuzianika juani. Sisi hatuaniki nguo za kichanga kabla ya arobaini. Kamba ya vinguo dirishani humwambia kila apitaye kichochoroni kwamba humu mna mtoto mchanga, na jicho la kila mpita njia si jema. Kwa hivyo mama alizikung'uta, akazifukiza udi kidogo, akamviringa kitukuu chake vizuri mpaka akabaki uso tu. Mimi nilikuwapo, nikashika ncha.

Siku chache baadaye mama ndiye aliyeona. Alikuwa amempakata mtoto karibu na dirisha. Akamfunua jicho kwa kidole, akafungua leso akautazama wayo.

"Hebu ndoo," akaniita nisogee. "Mato yake haya yana nini?"

Macho yalikuwa kama yametiwa bizari. Nikasema vichanga wengi hugeuka manjano kidogo, ini lao likiwa bado changa, na hiyo ni kweli. Mama hakunisikiliza. Alimgeukia binti yangu, aliyekuwa kitandani akifungua vifungo ili anyonyeshe.

"Mtoe titini, mwanangu," akamwambia. "Mpe ya kopo."

"Kwa nini, bibi?"

"Maziwa yetu si mazuri."

Binti yangu alivifunga vifungo polepole, akanitazama. Sijapata kumwona na uso ule. Nikamwambia mama yatosha, kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi nayo mamake, nikateremka kutafuta tuktuk.

Hospitali alitupokea daktari kijana, mwanamke wa bara, mwenye Kiswahili cha darasani kilichonyooka kuliko chetu. Alitoa damu kisiginoni, akangoja majibu, akaja kutuambia kwamba ile rangi ya manjano imepanda sana damuni na ikizidi hapo huingia kwenye ubongo, na ikiingia huko haitoki bila kuharibu. Mtoto atawekwa chini ya taa ya buluu. Isiposhuka kufikia kesho, atabadilishiwa damu. Alisema haya bila haraka, na mimi nikayapokea kama ninayeletewa ratiba ya mitihani. Hiyo ni tabia yangu. Mtu akiniletea jambo kubwa mimi hushika kalamu.

Alipomfungua mtoto ili amlaze uchi chini ya taa, aliinua ile leso akainusa.

"Mama, harufu hii ni ya nini?"

"Ya sanduku," nikasema.

"Sandukuni kuna dawa ya nondo?"

"Ndiyo."

Akaniuliza kama katika familia yetu kuna mtoto mwingine wa kiume aliyewahi kugeuka manjano hivi. Hapo ndipo yote yaliponijia kwa pamoja, nimesimama na mkoba begani, na la kwanza kunipata lilikuwa aibu ya mwalimu. Nilikuwa nimewafundisha mabinti wa Mombasa ugonjwa wa wafalme, na wetu wenyewe ulikuwa nyumbani kwangu. Nikajibu kwamba yuko, alikuwa kaka yangu.

Nieleze kidogo, maana bila haya mengine hayaeleweki. Karibu kila chembe ya mwili ina kiini, na katika kiini zimo jeni zote za mtu. Haizitumii zote. Chembe ya ini hufungua zile za kazi ya ini, na zile za jicho huziacha zimefungwa. Jeni ikifunguliwa, maagizo yake yananakiliwa na protini inatengenezwa kwa nakala hiyo. Protini ikitosha, jeni inatulizwa. Protini ikichakaa, jeni inafunguliwa tena. Mchana na usiku kazi ni hiyo, kufungua na kufunga. Chembe nyekundu ya damu ni tofauti. Ikikomaa ndani ya uboho wa mfupa hukitema kiini chake nje, kisha ndipo inapotoka kwenda mwilini. Haina jeni hata moja. Imejazwa kinachobeba hewa pamoja na protini chache za kuitunza, na muda wote inaoishi, miezi kadhaa tu, inaishi kwa masurufu hayo. Kilichochakaa ndani yake hakina wa kukitengeneza tena.

Moja katika protini hizo ni kimeng'enya cha kuzuia kutu. Sikulitafuta neno kutu kwa kupamba. Chembe hiyo ina chuma na imejaa oksijeni, na mtu aliyekaa kisiwani Mombasa anajua hewa inavyokifanya chuma. Sasa, kuna watu ambao jeni ya kimeng'enya hicho imebadilika kidogo, basi wanachotengeneza kinafaa kikiwa kipya lakini kinachakaa upesi. Chembe yao changa ina cha kutosha, kongwe haina. Siku zote hilo halimdhuru mtu. Atacheza mpira, ataoa, atazeeka, wala hajui. Tena humpa ahueni katika malaria, na ndiyo sababu Pwani watu hao si haba. Mpaka siku anywe dawa fulani za hospitali, au awe kichanga aliyeviringwa leso iliyolala na dawa ya nondo. Ule mvuke huingia kwa pua na kwa ngozi laini hadi damuni, na chembe kongwe haziwezi kujitetea. Hupasuka kwa wingi. Rangi yake humwagika nyingi kuliko ini changa linavyoweza kuiondoa, na mtoto anageuka manjano.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikayapanga haya kichwani kama ninayetayarisha somo. Nilipomaliza kuyapanga nikaanza kuogopa, na niliogopa sana. Binti yangu alitoka akauliza, "Mama, nimnyonyeshe?" Nikamwambia amnyonyeshe, daktari amesema maziwa ndiyo yatakayomsaidia kuitoa ile rangi. "Una hakika?" Juu ya maziwa, nilikuwa na hakika. Akarudi ndani.

Kesho yake rangi ilikuwa imeshuka kidogo, kesho kutwa zaidi. Damu haikubadilishwa. Mkwe wangu, aliyetoka zamu bandarini na koti lake la kazi bado mwilini, alisimama mbele ya ile taa ya buluu akamtazama mwanawe amefungwa kitambaa machoni, akasema alhamdulillahi, akaenda ukutani akalia. Nilimwonea wivu, maana mimi machozi hayakunijia.

Mtoto alipokaribia kuruhusiwa nilitangulia nyumbani. Nilitoa leso zote sandukuni, nikazitia guniani, nikazipandisha darini. Vidonge nilivitupa. Mama alikuwa mlangoni akinitazama.

"Waniondolea mali yangu kama mwizi," akasema.

"Dawa ya nondo si nzuri kwa kichanga, mama. Daktari amesema."

"Daktari wa wapi?"

Sikumweleza habari ya damu wala ya urithi, na nilikuwa na sababu. Pale kwenye benchi nilikuwa nimeshafika mwisho wa ile hesabu: yule mvulana wa kwanza aliviringwa leso zizi hizi, kutoka sanduku lili hili, likiwa jipya na dawa yake bado kali. Mama ndiye aliyelifungua. Kwa umri wake wote amebeba maziwa ambayo mtu mwingine alimtwika. Nikimwambia ukweli, nitamtua maziwa nimtwike sanduku, na hilo litakuwa kazi ya mikono yake, tena alilifanya kwa mapenzi. Niliona heri abaki na mzigo aliouzoea. Mzee hafundishwi kubeba upya.

Mambo yangekaa hivyo kama si kipimo. Walikipima kile kimeng'enya cha mtoto kabla hajatoka, na jibu likaja kwamba kipo cha kutosha. Daktari alikuwa ameshanionya. Chembe kongwe, zile zisizokuwa nacho, ndizo zilizopasuka. Zilizobaki ni changa, na uboho ulikuwa umehimizwa kumwaga changa nyingine, maana hewa ikipungua damuni figo hufungua jeni ya homoni inayouamrisha uboho uongeze kazi. Ukipima wakati huo unapima zenye masurufu tele. Arudi ikipita miezi, akasema, na mpaka hapo mhesabuni kuwa anao upungufu: dawa ya nondo marufuku, dawa hizi na hizi marufuku, hina marufuku. Alisema kweli. Mtoto alipoanza kuketi alipimwa tena, na jibu likawa wazi. Mimi pia nilipimwa, changu kikatoka katikati.

Lakini nyumbani, wiki zile, kilichosikika ni kwamba kipimo ni safi. Binti yangu alimwambia bibi yake kwa furaha kabla sijamzuia. Mama alianza tu kuandaa arobaini, kama mtu aliyeshinda kesi na hataki kujionyesha.

Asubuhi ya kuamkia arobaini nilimkuta chumbani na kibakuli cha hina. Majani aliyatwanga mwenyewe, ndimu ameshakamua, hina imekolea. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amelala. Kwetu mtoto akitoka arobaini hutiwa hina kidogo katikati ya kiganja, kwa baraka, awe wa kike au wa kiume.

"Hina la, mama," nikasema.

Hakuniangalia. "Kidole kimoja tu."

"Hata kidogo."

Akaiweka mikono yake magotini, kidole kimoja kimeshaiva hina. "Sanduku la. Hina la. Kipimo chasema mtoto mzima. Udi nao utaukataza lini?" Kisha akapunguza sauti, maana mtoto alijinyoosha. "Mimi si mtoto. N'ambia mtoto huyu ana nini."

Nilifikiria kumwambia ni amri ya daktari na basi. Ningekwenda kazini, na kidole kile kingebaki nyumbani pamoja na kiganja kile. Hapo nikaona sina njia. Nilikaa mkekani.

Juu ya kitanda palikuwa na jozi ya leso mpya za binti yangu, bado haijakatwa wala kupindwa, mbili zimeshikana kama zitokavyo dukani. Niliishusha nikaitandaza baina yetu.

"Katika damu kuna jambo moja ambalo mwanamke huzaliwa nalo mara mbili, kama leso hizi," nikasema. "Moja kwa mama, moja kwa baba. Mwanamume huzaliwa na moja tu, na hupewa na mamake."

"Babake hampi?"

"Hiyo hampi. Humpa nyingine, isiyofanana nayo. Sasa tuseme leso moja ina tundu."

"Haya."

"Mwanamke akiwa bado tumboni, mwili wake ni vijichembe vichache. Kila kijichembe huchagua moja kikajifunga, ya pili kikaikunja na kuifungia, na vyote vitakavyotoka kwake hufuata hivyo hivyo. Basi mwanamke mwenye leso ya tundu, damu yake huwa imechanganyika, hizi zimejifunga nzima, hizi ya tundu. Zilizo nzima zinamtosha. Hata hajui."

Mama alipitisha kidole chake kikavu kwenye pindo la leso. "Na mwanamume hana ya pili."

"Hana. Na bado si neno, mpaka akutane na dawa ya nondo. Au hina. Hapo damu yake huvunjika, akawa manjano. Kipimo kilikuwa kizuri kwa kuwa zilizovunjika zilikuwa zimeshakwisha. Walipima zilizozaliwa jana."

Nilidhani atapinga. Aliitazama tu ile jozi, na nikaona anafanya hesabu, na nikajua ni hesabu gani. Niliwahi kumwona akihesabu hivyo watu wa pilau, kimya, midomo ikicheza kidogo.

"Huyu kapata kwa mamake," akasema.

"Ndiyo."

"Na mamake?"

"Kwangu mimi. Au kwa babake."

"Na wewe?"

"Kwako. Au kwa baba." Nililisema lile la baba kwa haraka, na si uongo, linawezekana kabisa, na mwanafunzi akiliandika nampa alama.

"Yule hakupata kwa babake," akasema mama. Hakuwahi kumtaja mbele yangu hata siku moja. "Si wasema mwanamume hapewi na babake?"

"Hapewi."

"Na nalimviringa kwa leso za sanduku lili hili. Nalitia dawa siku ile ile, nikaona nondo wasije wakamkera."

"Hatuna ushahidi, mama. Hapimiki sasa. Watoto hufa kwa mambo mengi."

"Aligeuka manjano mpaka nyayo."

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni, magurudumu yakigonga mawe ya kichochoro, na tukamngoja apite kana kwamba angetusikia. Nilikuwa tayari kwa kilio. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua, kwamba hata daktari wa siku zile huenda asingejua.

"Kwa hivyo si maziwa," akasema mama.

"Si maziwa."

"Maziwa yangu yalikuwa mazuri."

"Yalikuwa mazuri, mama. Sanduku nalo hukulijua."

Akaniashiria ninyamaze. "Sanduku ni sanduku. Maziwa ni mimi."

Aliinuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akachukua kile kibakuli, akaenda kuimwaga hina kwenye bomba la uani. Nilimsikia akisugua kidole chake kwa sabuni, muda mrefu, ingawa hina ikishaiva haitoki kwa sabuni, na yeye anajua kuliko mimi. Mtoto aliamka akalia. Binti yangu akaja kutoka jikoni, akaketi mkekani, akafungua vifungo. Mama alirudi. Kwa desturi yake angegeuza uso au angejitafutia kazi chumba cha pili. Ndivyo alivyofanya tangu binti yangu alipojifungua, na ndivyo alivyofanya mimi nilipokuwa nikinyonyesha wangu. Safari hii alivuta kigoda akakaa karibu kabisa, goti kwa goti, akaangalia mtoto anavyonyonya, taya inavyocheza, mkono ulivyokunjwa, maziwa yanavyomchuruzika kidevuni. Alikipangusa kile kidevu kwa ncha ya leso mpya.

"Na wewe," akasema, bila kunigeukia, "nalikunyima bure."